Spika zinapogoma mbele ya wageni: Jinsi ya kutafuta hitilafu kati ya tarakilishi na spika

Na MWANDISHI WETU

KAZI ya kukodisha vyombo vya muziki ni miongoni mwa zile zinazowapa vijana wengi wa Mombasa bara riziki. Kutoka Frere Town hadi Bombolulu, Mshomoroni na Mlaleo, ni nadra mwisho wa juma kupita bila harusi, mazishi, mkutano wa hadhara au ibada inayohitaji vyombo vya kupaza sauti.

Siku hizi mwenye kazi hiyo halazimiki tena kubeba rundo la kaseti na amplifaya nzito kama jiwe la kusagia. Spika mbili zenye amplifaya ndani yake, tarakilishi ya mkononi na waya mmoja vyatosha kuchangamsha ua mzima.

Hata hivyo, wepesi huo umekuja na adha yake. Wageni wameketi, bibi harusi yu mlangoni, fundi abofya kitufe, na kinachosikika ni kimya. Au mvumo mzito kama wa nyuki mzingani. Au ala zinalia lakini sauti ya mwimbaji haipo, kana kwamba imemezwa.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa spika. Mwenye nazo huzipeleka kwa fundi, hutozwa pesa, na zinaporudi tatizo li pale pale. Wengine huchukua hatua ya hatari zaidi: hukata pini ya plagi ya umeme ili kunyamazisha mvumo. Hatua hiyo inaweza kumuua mtu aliyeshika maikrofoni.

Makala haya yanaeleza jinsi sauti inavyosafiri kutoka kwa tarakilishi hadi kwa spika, mahali inapoweza kukwama, na namna ya kuitafuta hitilafu kwa utaratibu bila gharama wala hatari.

Mji wa kengele

Frere Town ni mahali panapofaa kuzungumzia jambo hili, kwani historia yake yenyewe imefungamana na sauti. Makazi hayo yalianzishwa na Shirika la Wamishenari la Kanisa la Uingereza, maarufu kama CMS, katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Yalipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka wa 1873 kushinikiza kukomeshwa kwa biashara ya watumwa.

Wakazi wa kwanza walihofia kuvamiwa na kutekwa upya. Kwa sababu hiyo ilitundikwa kengele ya kuwatahadharisha adui anapoonekana. Ndiyo iliyolipa eneo hilo jina linalotumika hadi leo: Kengeleni.

Kengele haina mambo mengi. Mkono huvuta kamba, chuma hugonga chuma, na sauti hutoka. Isiposikika, mahali pa kuangalia ni pachache. Mfumo wa tarakilishi na spika ni tofauti: sauti hupitia vituo vingi kabla ya kulifikia sikio, na kila kituo kinaweza kuifunga njia.

Vituo vyenyewe ni hivi. Kwanza ni wimbo uliohifadhiwa kwa mfumo wa tarakimu. Pili ni programu inayoucheza. Tatu ni mfumo wa tarakilishi, ambao huamua sauti itolewe kupitia mlango upi. Nne ni kadi ya sauti, inayogeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme. Tano ni tundu la kutolea sauti. Sita ni waya. Saba ni tundu la kupokelea lililo nyuma ya spika. Nane ni amplifaya iliyo ndani, na mwisho ni koni ya spika inayosukuma hewa.

Anayekumbuka mpangilio huo hatapapasa gizani. Atajiuliza swali moja tu: sauti imefika wapi, na imekomea wapi?

Majaribio matatu ya dakika tano

Njia ya haraka ya kujibu swali hilo ni kuigawa safari hiyo katikati badala ya kukagua kila kituo. Vifaa vinavyohitajika ni simu yenye wimbo ndani yake, vifaa vya kusikilizia vya masikioni na waya wa ziada.

Jaribio la kwanza: Chomoa waya kutoka kwa tarakilishi, uuchomeke kwenye simu, kisha ucheze wimbo. Spika zikilia vizuri, basi spika na waya ni vizima. Hitilafu imo ndani ya tarakilishi. Simu nyingi za kisasa hazina tundu la sauti na huhitaji kiunganishi maalum. Hakikisha umekijaribu kiunganishi hicho mapema.

Jaribio la pili: Chomeka vifaa vya masikioni kwenye tundu lile lile la tarakilishi. Ukisikia wimbo, tarakilishi haina kosa. Tafuta kwenye waya au kwenye spika.

Jaribio la tatu: Badilisha waya. Katika vyombo vyote hivi, waya ndio unaokunjwa, kukanyagwa na kuvutwa kila siku, na ndio wa bei nafuu kuliko vyote. Kwa hivyo ni busara kuushuku kabla ya kushuku spika ya maelfu ya shilingi.

La muhimu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha waya, kusogeza vitufe na kuzima tarakilishi kwa pamoja huenda akafanikiwa, lakini hatajua kilichomponya, na juma lijalo atahangaika upya.

Kimya kabisa

Iwapo spika haitoi hata mchakacho, anzia kwenye umeme. Je, taa ndogo ya spika inawaka? Ikiwa haiwaki, angalia swichi ya ukutani, swichi ya waya wa kurefushia na ile iliyo nyuma ya spika yenyewe.

Plagi za pini tatu zinazotumika nchini Kenya huwa na fyuzi ndani yake. Aidha, spika nyingi zina fyuzi nyingine ndogo ya kioo karibu na mahali panapoingia waya wa umeme. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine yenye kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye chombo, baada ya waya wa umeme kuchomolewa. Kuifunga fyuzi kwa waya au karatasi ya sigara ni kuondoa kinga pekee iliyopo kati ya hitilafu na moto.

Ni muhimu pia kujua aina ya spika uliyo nayo. Spika yenye amplifaya ndani huwa na waya wake wa umeme au betri. Ile isiyo na amplifaya haina, na hulazimika kusukumwa na amplifaya ya nje. Ukiiunganisha moja kwa moja na tarakilishi, utasikia mnong'ono tu, au hutasikia chochote. Katika baadhi ya seti za spika mbili za mezani, amplifaya imo katika spika moja pekee, na ya pili hulishwa kwa waya kutoka kwa mwenziwe.

Zipo pia spika ndogo zinazochomekwa kwenye tundu la USB. Hizi huwachanganya wengi. Baadhi hupokea umeme na sauti kupitia waya huo mmoja. Nyingine huchukua umeme pekee, na sauti yake hutakiwa kupita kwenye waya wa pili wenye plagi nyembamba. Ukiona spika yako ya USB ina nyaya mbili, fahamu kwamba zote mbili lazima zichomekwe.

Matundu na rangi zake

Nyuma ya tarakilishi za mezani huwa na matundu madogo yanayofanana kwa umbo lakini yanayotofautiana kwa kazi. Rangi zake zilipendekezwa katika mwongozo uliotolewa na kampuni za Microsoft na Intel, unaojulikana kama PC 99. Kijani ni tundu la kutolea sauti kwenda kwa spika. Waridi ni la maikrofoni. Samawati ni la kupokelea sauti kutoka kwa chombo kingine. Anayechomeka spika kwenye waridi atasubiri hadi kesho.

Vipakatalishi vingi vya sasa vina tundu moja tu linalohudumia vifaa vya masikioni pamoja na maikrofoni. Baadhi huuliza kwenye kioo ni kifaa gani kimechomekwa. Chagua spika au vifaa vya masikioni, wala si maikrofoni.

Upande wa spika nao una mitego yake. Spika kubwa huwa na tundu la maikrofoni na tundu la vyombo vya muziki, au tundu moja lenye swichi ya kuchagua. Tofauti iliyopo si ya jina tu. Maikrofoni ya kawaida hutoa sehemu chache tu za elfu moja ya volti, ilhali tundu la sauti la tarakilishi linaweza kutoa kuanzia theluthi moja ya volti hadi zaidi ya volti moja. Hiyo ni nguvu ya mamia ya mara kuliko ile ya maikrofoni.

Kwa hivyo ukiingiza tarakilishi kwenye tundu la maikrofoni, sauti itakwaruza hata ukiipunguza. Ukiingiza maikrofoni kwenye tundu la vyombo vya muziki, msemaji atapiga kelele na asisikike. Soma maandishi yaliyo kando ya kila tundu kabla ya kuchomeka chochote.

Wanaotumia mikisa waangalie pia kitufe kilichoandikwa volti 48. Umeme huo hupelekwa kwenye maikrofoni za aina fulani kupitia plagi ya duara yenye pini tatu, iitwayo XLR. Kizime kabla ya kuunganisha tarakilishi kwenye tundu la namna hiyo, kwani unaweza kuiharibu kadi ya sauti.

Tarakilishi inaponyamaza yenyewe

Wakati mwingine nyaya zote ni nzima na spika inafanya kazi, lakini tarakilishi imeelekeza sauti kwingine. Hali hii hutokea sana baada ya tarakilishi kuunganishwa na projekta au televisheni kwa waya wa HDMI. Waya huo hubeba picha na sauti pamoja, na mfumo huweza kuamua kwamba sauti iende huko. Vivyo hivyo, spika ya Bluetooth iliyowahi kuunganishwa inaweza kuipokonya sauti ikiwashwa chumba cha pili.

Tiba yake ni rahisi. Kwenye tarakilishi za Windows, bofya alama ya spika iliyo chini upande wa kulia wa kioo, kisha uchague kifaa kinachotakiwa kutoa sauti. Kwenye tarakilishi za Apple, orodha hiyo hupatikana katika mipangilio ya sauti.

Baada ya hapo angalia ikiwa programu yenyewe imenyamazishwa. Windows hutunza kiwango cha sauti cha kila programu peke yake, kwa hivyo yamkini kicheza muziki kimezimwa ilhali milio ya onyo inasikika. Programu za kuvinjari mtandao nazo huweza kunyamazisha ukurasa mmoja na kuacha mwingine.

Yote hayo yakishindikana, izime tarakilishi na kuiwasha upya. Ikiwa sauti haijarudi, huenda programu inayoendesha kadi ya sauti imeharibika na inahitaji kusakinishwa upya kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji. Kazi hiyo ifanywe nyumbani siku kadhaa kabla ya shughuli, wala si mbele ya wageni.

Upande mmoja umekufa

Chunguza plagi nyembamba ya waya wa sauti, ile yenye unene wa milimita 3.5. Utaona imegawanywa na mistari miwili myeusi, na kufanya sehemu tatu. Ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati hubeba sauti ya kulia, na shina ndilo njia ya kurudia inayotumiwa na zote mbili. Plagi yenye mistari mitatu ina sehemu ya nne ya maikrofoni, na si kila tundu la spika huelewana nayo.

Sauti ikitoka upande mmoja pekee, huenda uzi mmoja ndani ya waya umekatika, mara nyingi pale waya unapoingia kwenye plagi. Zungusha plagi taratibu. Sauti ikija na kupotea, umepata mgonjwa.

Ili kuthibitisha, badilishana nyaya za kushoto na kulia kwenye spika. Kimya kikihama kwenda spika ya pili, kosa liko kwenye waya au tarakilishi. Kikibaki kwenye spika ile ile, basi spika hiyo ndiyo yenye kasoro. Usisahau kuangalia mizani ya kushoto na kulia katika mipangilio ya tarakilishi, kwani huweza kuwa imesogezwa upande mmoja bila kujua.

Mwimbaji amekwenda wapi?

Pengine hili ndilo fumbo linalowasumbua mafundi kuliko yote. Ngoma zinasikika, kinanda kinasikika, lakini sauti ya mwimbaji iko mbali kana kwamba anaimba kisimani.

Sababu yake ni hii. Spika kubwa nyingi zina matundu yaliyoundwa kupunguza kelele za njiani. Tundu hilo hupokea nakala mbili za sauti moja, ya pili ikiwa imepinduliwa. Kisha spika hutoa nakala moja kutoka kwa nyingine. Kelele iliyoingia njiani huwa sawa katika nyuzi zote mbili, hivyo hujifuta. Ni mbinu ya werevu.

Lakini mtu akichukua waya wa tarakilishi wenye kushoto na kulia, akauingiza kwenye tundu hilo kwa plagi kubwa yenye pete, spika huchukulia kushoto na kulia kuwa zile nakala mbili. Hutoa kulia kutoka kwa kushoto. Kwa kuwa mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa katikati, yaani kwa kiwango sawa pande zote mbili, yeye ndiye anayejifuta. Ala zilizorekodiwa pembeni husalia.

Ndiyo maana wimbo uliorekodiwa kwa njia moja, ambao kushoto na kulia ni sawa kabisa, hunyamaza karibu wote katika hali hiyo.

Dawa ni waya unaogawanyika: upande mmoja plagi nyembamba ya milimita 3.5, upande wa pili plagi mbili kubwa za milimita 6.35 zisizo na pete. Moja iende kwa spika ya kushoto na nyingine kwa ya kulia, au ziingie katika njia mbili za mikisa. Ikiwa una spika moja pekee isiyo na mikisa, iambie tarakilishi itoe sauti ya njia moja katika mipangilio yake, kisha utumie plagi ya upande mmoja. Usisokote nyuzi za kushoto na kulia pamoja, kwani kila upande utasukumana na mwenziwe.

Kabla ya kununua chochote, lakini, sukuma plagi hadi mwisho. Plagi iliyoingia nusu, ambayo shina lake halijagusa, huleta dalili zile zile.

Mvumo, na pini isiyofaa kukatwa

Umeme wa Kenya hubadilisha mwelekeo kwa mzunguko wa mara 50 kwa sekunde. Unapopenya katika njia ya sauti, huwa mvumo mzito usiokoma. Chanzo chake cha kawaida ni tarakilishi na spika kuunganishwa na ardhi kupitia soketi mbili tofauti, huku waya wa sauti ukiziunganisha kwa mara ya tatu. Hapo hutokea mduara ambao umeme mdogo huzunguka ndani yake na kuingia kwenye sauti.

Namna ya kuthibitisha ni kuchomoa chaja ya kipakatalishi na kukiacha kitumie betri. Mvumo ukitoweka, umejua chanzo. Kwa shughuli fupi, betri iliyojazwa yaweza kutosha. Vinginevyo, chomeka tarakilishi na spika kwenye soketi moja, ukihakikisha haibebi mzigo kupita uwezo wake. Hilo lisiposaidia, nunua kifaa kidogo chenye transfoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Transfoma hupitisha sauti kwa nguvu za sumaku bila kuunganisha nyaya za pande mbili, na mduara hukatika.

Pia, tenganisha waya wa sauti na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba badala ya kulala sambamba. Waya mwembamba wa tarakilishi usizidi mita chache. Kwa masafa marefu, tumia nyaya za XLR kutoka kwa mikisa. Weka simu mbali na nyaya hizo pia.

Jambo ambalo halifai kufanywa kamwe ni kukata au kukwepa pini ndefu ya plagi ya umeme. Ni kweli kwamba mvumo waweza kunyamaza, na hapo ndipo mtego ulipo. Pini hiyo ndiyo inayopeleka umeme ardhini iwapo waya ndani ya chombo utagusa bodi ya chuma. Umeme mwingi hupita ghafla, fyuzi huungua, na hatari hukoma.

Pini hiyo ikikosekana, fyuzi haiungui. Bodi ya spika hubaki na volti 240, na kupitia waya wa sauti umeme huo huweza kufika kwenye mikisa na hata kwenye maikrofoni ya chuma. Anayeishika akiwa pekupeku juu ya mchanga wenye unyevu au saruji iliyomwagiwa maji, mwili wake ndio utakaokuwa waya wa ardhini. Mtu akihisi mtetemo mdogo anapogusa maikrofoni au spika, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na fundi wa umeme aitwe. Shughuli inaweza kusubiri.

Bluetooth si suluhisho la kila kitu

Wapo watakaouliza, kwa nini kuhangaika na nyaya ilhali kuna Bluetooth? Kwa muziki wa nyumbani, inafaa. Lakini masafa yake ya kawaida ni kama mita 10, na watu na kuta huyapunguza. Isitoshe, sauti huchelewa kwa sehemu ya sekunde. Katika wimbo hutagundua, ila katika video midomo itatangulia maneno, na anayeimba kwa kufuata ala atapoteza mwendo.

Tarakilishi au simu inayotoa sauti iondolewe pia milio ya ujumbe. Hakuna aibu kama mlio wa simu kupasuka katikati ya dua ya marehemu.

Hewa ya pwani

Chumvi na unyevu wa pwani ni adui wa kila kiungo cha chuma. Kutu ya kijani ikishika plagi, sauti huchakacha na kukatika. Futa plagi kwa kitambaa kikavu kilichotiwa spiriti safi au dawa ya kusafishia viungo vya umeme, chombo kikiwa kimezimwa. Kisha ichomeke na kuichomoa mara kadhaa. Usitumie maji wala mafuta ya taa.

Zungusha nyaya kwa mviringo mpana. Usizikunje kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Zihifadhi katika mfuko mkavu. Waya uliokatika karibu na plagi hautupwi: fundi wa redio ataufupisha na kuulehemu plagi mpya kwa gharama ndogo.

Wakati wa kuwasha, tarakilishi na mikisa vitangulie, spika ziwe za mwisho, zikiwa zimepunguzwa sauti. Wakati wa kuzima, spika zitangulie. Utaratibu huo huziepusha koni na mshindo unaoweza kuzipasua. Weka tarakilishi karibu asilimia 80, kisha uongeze spika polepole. Taa nyekundu ikiwaka mfululizo, punguza. Hiyo si nguvu, ni uharibifu.

Wanaofikiria kununua spika kubwa zaidi wakumbuke kwamba kuongeza wati maradufu huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Aidha, Kenya ina kanuni za mazingira za mwaka wa 2009 kuhusu kelele na mitetemo iliyopita kiasi, na Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Sauti safi inayosikika uani ina faida kuliko kishindo kinachowakosesha majirani usingizi.

Fika mapema, jaribu vyombo vyote saa moja kabla ya wageni, na uwe na waya wa ziada mfukoni. Sauti ikikatika, anza na simu, fuata vifaa vya masikioni, kisha badilisha waya. Na mvumo ukizidi, vumilia mvumo huo hadi upate transfoma, lakini pini ya plagi iache ilipo.